Kahawa ya Mezani Italia si Wizi

Watu wengi hurudi kutoka Roma au Venice wakilalamika kwamba wameibiwa: kahawa waliyoiona ubaoni kwa euro moja na ushee imeletwa na bili ya euro nne. Mara nyingi hakuna aliyewaibia. Italia kahawa mara nyingi ina bei mbili: ya kusimama kaunta, al banco, na ya kuketi ukahudumiwa, al tavolo. Ukikaa unalipia kiti, mhudumu na mandhari. Pale Caffè Florian, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1720 kwenye uwanja wa San Marco mjini Venice, hata muziki wa bendi huongezwa kwenye bili! Kwa hiyo soma orodha ya bei kabla ya kuvuta kiti, au fanya kama wenyeji: espresso wima, mafunda mawili matatu, unakwenda zako.

Na neno "bar" lisikutishe. Huko si kilabu cha pombe tu. Asubuhi hapo ndipo watu wanapopata kahawa na cornetto, kitafunwa kitamu kinachofanana na croissant.

Coperto unayoikuta kwenye bili ya mgahawa nayo si bahashishi, ni ada ya meza kwa kila mlaji.

Maji je? Mjini Roma jaza chupa bure kwenye nasoni, mabomba ya mitaani. Ni safi, tena baridi.