Dola 20 za Saint-Gaudens, na nusu dola inayozifuata

Nikiulizwa ni sarafu gani ya Marekani inayozishinda nyingine zote kwa uzuri, jibu langu ni moja: ile ya dhahabu ya dola 20 iliyobuniwa na Augustus Saint-Gaudens, hasa zile za mwanzo zilizoandikwa mwaka kwa tarakimu za Kirumi, MCMVII. Hapa bei naiweka kando, nazungumzia mchongo.

Aliyeanzisha shughuli nzima ni Rais Theodore Roosevelt. Desemba 1904 alimwandikia Waziri wake wa Fedha akilalamika kwamba sarafu za nchi yao zinachukiza kwa sura. Alitamani sarafu kama za Wagiriki wa kale, ambazo ukizipapasa kidole kinafuata pua, shavu na nywele. Kazi akampa Saint-Gaudens, mchongaji sanamu mwenye jina kubwa, ambaye saratani ilikuwa ikimmaliza.

Hapo ndipo fundi wa sanaa alipogongana na mashine. Sarafu ya kawaida hupigwa chapa mara moja tu: kisahani cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mashine inashuka, basi. Mchongo ukituna sana, pigo moja haliwezi kuisukuma dhahabu ikajaza kila shimo la muhuri. Sarafu za majaribio za 1907 zilihitaji mapigo hadi 9, na katikati zilipashwa moto upya ili dhahabu ilainike. Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali kule Philadelphia, alipinga tangu mwanzo. Wakusanyaji wengi humlaumu kwa hilo. Mimi naona kwa upande wa uzalishaji alisema kweli, kwani benki zilihitaji sarafu zinazopangika bila kuyumba, na kwa wingi.

Mwinuko ukapunguzwa. Zikatoka takriban 12,000 za MCMVII, kila moja kwa mapigo 3; kisha mwezi Desemba ikaja ya bapa, ya pigo moja, yenye tarakimu tulizozoea. Saint-Gaudens hakuiona hata moja ikiingia mikononi mwa watu. Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huohuo.

Ziweke hizo mbili chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni. Kwenye MCMVII, Uhuru, mwanamke mwenye mwenge mkono wa kulia na tawi la mzeituni mkono wa kushoto, anakujia moja kwa moja. Goti linalisukuma gauni, na kivuli chake kinaanguka juu ya dhahabu. Kwenye ya bapa michoro ni ileile, tai anayeruka juu ya miale ya jua yupo, lakini goti halisukumi chochote. Miongoni mwa waliomsimamia mchongaji kama vielelezo vya umbo hilo alikuwamo Hettie Anderson, mwanamke mweusi kutoka South Carolina, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Linastahili kutajwa kila sarafu hii inapozungumzwa.

Namba mbili kwangu ni nusu dola ya fedha ya Adolph Weinman ya 1916. Sheria ya 1890 ilizuia sura ya sarafu kubadilishwa kabla ya miaka 25 bila idhini ya Bunge, na muda wa sarafu za Barber za 1892 ulikuwa umefika. Weinman alimchora Uhuru akitembea kulielekea jua linalochomoza, amejitanda bendera, ameubeba mzigo wa matawi kwa mkono wa kushoto. Senti 5 ya James Earle Fraser ya 1913, yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu na nyati, naipenda pia, ila mwaka wake uliwekwa mahali panapolika upesi, na nyingi leo hazisomeki.

Nusu dola ya Weinman ilipigwa hadi 1947, na tangu 1986 mchoro huohuo uko kwenye sarafu ya fedha ya wakia moja ya kuwekeza. Ukipewa ya zamani uikague, anza na mkono wa kushoto wa Uhuru. Uko katikati ya sarafu, na upande wa pili mgongoni mwake kuna manyoya ya mguu wa tai, nayo yametuna vilevile, kwa hiyo mara nyingi madini hayakutosha kujaza pande zote mbili. Mkono ulio bapa kwenye sarafu ambayo bado inang'aa ni dalili ya pigo hafifu, wala si kuchakaa. Ukikuta kidole gumba kimetokeza wazi, umeshika iliyopigwa vizuri, na muuzaji anayeijua kazi yake ataipandishia bei.