Je, wajua kwa nini filamu ya dubu mla jemu iliwahi kuizidi Citizen Kane?

Aprili 2021 lilitokea jambo dogo lililowachekesha wapenzi wa filamu. Citizen Kane, filamu ya mwaka 1941 ambayo Orson Welles aliiongoza akiwa na miaka 25 tu, na ambayo kwa miongo mingi ilitajwa kuwa bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 99 katika Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu. Haikuwa kwamba kizazi kipya kimeichoka. Ni kwamba ulifukuliwa uhakiki wa gazeti la Chicago Tribune, wa mwaka uleule wa 1941, ambao haukuipenda. Miaka 80 imepita, Welles mwenyewe yuko kaburini tangu 1985, na ndipo alama yake ikakatwa.

Wakati huo huo Paddington 2, muvi ya dubu mstaarabu kutoka Peru anayeishi London na kupenda jemu ya machungwa kupita kiasi, ilikuwa bado inakaa na asilimia 100 zake. Kwa hiyo dubu kamshinda Welles?

Ningeulizwa swali hilo miaka kadhaa nyuma ningejibu ndiyo, tena kwa sauti ya juu. Pale kijiweni kwetu, ambako kila Ijumaa tulikuwa tunabishana nani alete muvi gani, mimi ndiye nilikuwa mtu wa asilimia. Mwenzangu akitaja filamu anayoipenda, naitafuta kwenye simu, nasoma namba, namaliza kesi. "Yako ina 71, yangu 96. Tuendelee." Nilidhani 96 ni kama 96 ya mtihani: wahakiki wameisahihisha filamu, wakaipa maksi 96 kati ya 100.

Siyo hivyo hata kidogo. Na kwa kuwa kosa hili nimelibeba kwa muda mrefu na limenigombanisha na watu wazima wenzangu, naomba nilitembelee taratibu.

Rotten Tomatoes ilianzishwa mwaka 1998 na Senh Duong, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alikuwa shabiki wa Jackie Chan (hapo tayari ni mwenzetu) na alitaka kukusanya mahali pamoja yale ambayo wahakiki wa Marekani walikuwa wakiandika kuhusu filamu zake. Jina, yaani nyanya zilizooza, linatokana na ile desturi ya zamani ya watazamaji kumrushia nyanya msanii aliyewachosha. Kila uhakiki unaoingia hupewa alama moja kati ya mbili tu: nyanya nzima, au nyanya iliyopasuka. Imependwa, haikupendwa. Katikati hakuna. Asilimia unayoiona ni idadi ya nyanya nzima ikigawanywa kwa idadi ya wahakiki wote. Basi.

Sasa chukua matangazo ya shule pindi matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Shule moja inabandika bango: "Ufaulu asilimia 100, hatuna sifuri!" Ukifungua orodha unakuta watoto wote arobaini wamepata daraja la nne, la chini kabisa la kufaulu. Shule ya jirani haina bango, maana watoto wanne wamepata sifuri. Ila thelathini na sita waliobaki wana daraja la kwanza. Ufaulu wao ni asilimia 90. Mzazi yeyote anajua pa kumpeleka mwanawe, na hakuna atakayesema bango la shule ya kwanza ni la uongo. Ni la kweli kabisa. Linajibu tu swali jingine: wangapi wamevuka mstari? Wamevuka kwa urefu gani, bango halisemi.

Asilimia ya nyanya ni bango la ufaulu.

Tuipeleke kwenye filamu. Wahakiki kumi wanaitazama filamu ya kwanza, wote wanaipa nyota tatu kati ya tano: si mbaya, inatazamika, watoto hawatalia. Kila mmoja anahesabiwa kuwa ameipenda. Asilimia 100. Filamu ya pili inatazamwa na hao hao. Wanane wanatoka wakiwa hawasemi, wanaipa nyota tano. Wawili wanaiona ni kelele, wanaipa mbili. Asilimia 80. Ukipiga wastani wa nyota, ya kwanza ina 3 na ya pili ina 4.4. Mimi, kwa kanuni yangu ya kijiweni, ningechagua ya kwanza na kuwacheka waliochagua ya pili. Nimefanya hivyo, nadhani, mara nyingi.

Wastani wa maksi upo pia kwenye tovuti hiyo, lakini umekaa kando; macho hukimbilia namba kubwa yenye nyanya.

Mfano mwingine ni wa harusini. Mpishi anayepika pilau la watu mia nne hatii pilipili sufuriani. Pilipili huwekwa pembeni. Hapiki ili bibi mmoja alie kwa utamu. Anapika ili asiwepo mtu wa kusukuma sahani. Mwisho wa shughuli sahani zote zinarudi tupu, na hiyo ni sifa ya kweli kwa mpishi. Lakini kesho yake hakuna anayemsimulia mwenziwe kuhusu lile pilau. Anayesimuliwa ni yule mama wa mtaani mwenye mchuzi mkali ambao nusu ya watu hawauwezi na nusu nyingine wanavuka vituo vitatu vya daladala kuufuata. Ukimpima kwa swali la "imekufaa au haikukufaa?", huyo mama ana asilimia 50.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana mfano wa pilau unaweza kumdhulumu dubu. Siyo kwamba kila filamu yenye asilimia 100 ni pilau lisilo na pilipili. Paddington 2 ina wastani wa juu vilevile. Wengi walioipenda waliipenda kwelikweli, na mimi ni mmoja wao, ile sehemu ya gerezani nimeirudia. Hoja ni kwamba asilimia peke yake haiwezi kukwambia kama uko mbele ya dubu au mbele ya wale watoto arobaini wa daraja la nne.

Tena huo mstari wenyewe wa kufaulu una vituko. Mwaka 2017 Lady Bird ya Greta Gerwig ilikaa kwa majuma na asilimia 100, wahakiki zaidi ya 190 wote wakiwa wameipenda. Kisha mmoja akaipa B-, akaiwekea nyanya iliyopasuka. B- kwa wanafunzi wengi ni siku ya kununuliwa soda. Lakini kwenye mashine ya nyanya, B- hiyo ilikuwa na uzito uleule ambao ingekuwa nao F, na filamu ikashuka hadi 99. Mhakiki huamua mwenyewe aiweke upande gani, kwa hiyo nyota tatu za mmoja zinaweza kuwa nyanya nzima na nyota tatu za mwingine zikawa iliyopasuka.

Na ule uhakiki wa 1941 ulioiangusha Citizen Kane? Uliandikwa kwa jina la Mae Tinee. Lisome haraka utasikia "matinee", onyesho la mchana. Lilikuwa jina la kalamu la gazeti hilo, na zaidi ya mtu mmoja walilitumia kwa miaka. Huyo Mae Tinee hakusema filamu ni takataka. Alisema inavutia, ni tofauti, ni ya ajabu kiasi cha kufaa kuwekwa makumbusho, ila kujitia uajabu kumeipunguzia ladha. Ukiniuliza mimi, hiyo ni nyota tatu hivi. Naona raha isiyoelezeka kwamba sentensi za mtu aliyejificha nyuma ya utani wa jina, zilizofungia maandazi labda kesho yake, zilikaa miaka 80 zikisubiri kutoa pigo la pointi moja. Dubu naye hakubaki juu: kabla mwaka haujaisha alipata mhakiki wake mkorofi, akashuka hadi 99.

Zipo mizani nyingine, nitazipitia harakaharaka. Tovuti ya Metacritic hugeuza kila uhakiki kuwa maksi kati ya 0 na 100, kisha hupiga wastani, huku baadhi ya wahakiki wakipewa uzito mkubwa kuliko wengine. Uzito huo haitangazi. Kwenye IMDb, tovuti nyingine ya filamu, wanaopiga kura ni watazamaji wenyewe, kuanzia 1 hadi 10, na orodha yake ya filamu 250 bora imeongozwa kwa miaka mingi na The Shawshank Redemption, ambayo ilipotoka mwaka 1994 iligharimu takriban dola milioni 25 na kuingiza kama milioni 16 tu kwenye kumbi. Ndiyo kusema, watu waliokuja kuipenda hawakuwa kwenye foleni ya tiketi. Waliikuta baadaye, kwenye kanda na televisheni, wengi wao kwa kuambiwa na mtu.

Mizani inayonivutia zaidi ni ile iliyokaa kinyume kabisa na nyanya. Tangu 1952, kila baada ya miaka kumi, jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwauliza wahakiki wa dunia filamu zao kumi bora. Hawaulizwi waipe kila filamu maksi. Hawaulizwi hata ipi ni ya kwanza na ipi ni ya kumi. Kila filamu uliyoitaja inapata kura moja. Citizen Kane ilishika namba moja kuanzia 1962 hadi mwaka 2012, ambapo Vertigo ya Alfred Hitchcock iliiondoa. Vertigo ilishinda kwa kura 191. Wapiga kura walikuwa 846.

Soma tena hizo namba. Filamu iliyotawazwa kuwa bora kuliko zote haikutajwa kabisa, hata nafasi ya kumi, na zaidi ya watu watatu kati ya kila wanne walioulizwa. Ni kama asilimia 23. Na mwaka 2022 taji lilikwenda kwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975, ya saa tatu na dakika ishirini na moja, ambamo mama mjane wa Brussels anamenya viazi na sisi tunamtazama akimenya viazi mpaka viishe. Jaribu kuipeleka kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, Jumamosi usiku uone kama kiti kitabaki na miguu. Lakini swali la Sight and Sound halijali waliochoka. Linahesabu tu wale ambao, wakipewa nafasi kumi kwa maisha yao yote ya kutazama, hawawezi kuiacha nje.

Kwa hiyo neno "bora" linabeba mizigo miwili isiyofanana. Kwenye nyanya, bora ni ile ambayo hakuna aliyeikataa. Kwenye orodha ya kumi, bora ni ile ambayo kuna watu wa kutosha wa kuifia. Ubishi wetu wa Ijumaa, nikiukumbuka sasa, mara nyingi ulikuwa hapo: mmoja anatetea muvi ambayo haimkeri mtu, mwingine anatetea iliyomkosesha usingizi, na wote wawili wanapiga meza kwa neno moja. Kwenye vibanda umiza vya zamani angalau maswali yalikuwa wazi: stelingi nani, na anayeitafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu ni Lufufu au mwingine?

Aliyenifungua macho hakuwa mhakiki. Ni kijana wa kibanda cha jirani anayeweka muvi kwenye flashi. Miaka yote nikimuuliza, "Ipi kali?", hunijibu, "Chukua hii bro, hakuna mteja aliyelalamika." Nami husikia "hii ndiyo bora". Siku moja nilirudi nikiwa nimechoshwa na muvi tatu mfululizo ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nikabadilisha swali. Nikamwambia, "Nipe ambayo mtu alirudi kuichukua mara ya pili."

Akanyamaza kidogo, akashusha orodha kwenye kompyuta mpaka chini kabisa, akacheka. "Ipo moja. Kuna mzee ameichukua mara tatu. Ila kuna dada alirudi usiku huohuo kunitukana."

Niliichukua. Mke wangu alilala dakika ya ishirini. Mimi niliimaliza, nikairudisha nyuma, nikaanza upya.