Fuata mpiga besi: kuingia kwenye jazi bila kupotea

Kwetu neno "jazz" lina maana mbili, na mgeni huanza kupotea hapo hapo. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz, OK Jazz ya Franco: zote ni bendi za dansi na rumba. Muziki wao ni mtamu, lakini si huu ninaouzungumzia. Hapa naandika kuhusu jazi ya Wamarekani Weusi, iliyokulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20.

Mgeni wa jazi kwa kawaida hupewa orodha ya mitindo: swingi, bibopu, hadibopu, fyusheni, aonje kimoja kimoja kama vyakula vya mezani. Mimi siipendi njia hiyo. Majina mengi ya mitindo ni ya waandishi na wauza santuri, na mwanamuziki mmoja huvuka mitindo mitatu minne katika maisha yake. Ukisikiliza wimbo mmoja wa bibopu ukachoka, hujajua lolote kuhusu bibopu. Anza na santuri moja, uijue vizuri, kisha ufuate watu waliopiga ndani yake.

Kabla ya santuri, masikio. Besi ya jazi ni ile kubwa ya kusimama, na waya wake mnene kabisa hutoa sauti ya takriban hezi 41. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo, kwa hiyo ukisikilizia spika utabaki na tarumbeta na matoazi tu, bila ule mwendo unaoshika bendi nzima. Vaa spika za masikioni, na uvae zote mbili. Rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1950 na 1960 ziliweka mpigaji mmoja kushoto na mwingine kulia, hivyo anayesikiliza kwa sikio moja hukosa nusu ya bendi. Kuhusu bando, usiogope: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 1.2, yaani santuri ya dakika 45 ni kama MB 54. Ipakue mara moja kwenye Wi-Fi, na uzime ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo.

Santuri yenyewe ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959. Najua inatajwa na kila mtu. Inatajwa kwa sababu mapigo yake ni ya wastani, sauti ni safi, na ramani yake inasomeka hata na asiyejua muziki.

Chukua wimbo wa kwanza, So What. Baada ya utangulizi wa piano na besi unaofika nusu dakika hivi, besi inasema maneno yake na wenzake wanaitikia kwa sauti mbili fupi, kama waumini wanavyoitikia "amina". Hapo anza kuhesabu. Kila mapigo manne, kunja kidole kimoja. Vidole vinane vikiisha, sehemu ya kwanza imekwisha. Vidole vinane vingine, sehemu ya pili, sauti zile zile. Ukianza vidole vinane vya tatu, muziki wote unapanda kidogo, kama kwenye piano ukitoka kitufe cheupe kwenda cheusi kinachogusana nacho. Vidole vinane vya mwisho, unashuka ulipotoka. Mzunguko mmoja umetimia, nao huchukua karibu dakika moja.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: mzunguko huo haukomi. Kwenye dakika moja na nusu hivi toazi linapasuka, Davis anaanza kubuni papo hapo, na chini yake ramani ni ile ile, panda na shuka kwa hesabu ile ile. Davis anapiga mizunguko miwili, John Coltrane miwili na Cannonball Adderley miwili, wote kwa saksafoni, kisha Bill Evans kwenye piano mmoja. Anayesema "wanapiga ovyo tu" ni mtu ambaye hajausikia mpando.

Utapotea kwenye hesabu, hasa Davis anapokaa kimya katikati. Kosa ni kumfuata yeye. Fuata besi, ambayo sasa inatembea, sauti moja kwa kila pigo, haisimami. Ukipotea kabisa, usirudishe wimbo nyuma. Ngoja muziki upande, ujue hapo ni mwanzo wa sehemu ya tatu, uendelee. Siku ya tatu au ya nne hutahitaji vidole.

Kisha sikiliza wimbo wa pili, Freddie Freeloader. Bendi ni ile ile isipokuwa kwenye piano, ambapo Evans amempisha Wynton Kelly. Kelly anaruka na kuchekacheka, kila sauti ina mguu wa kucheza. Evans huweka sauti kama mtu anayefunga mlango usiku asiamshe watoto. Jiulize ni yupi anayekuvuta, kwa sababu jibu lako linafaa kuliko orodha yoyote. Akikuvuta Kelly, nenda kwenye Moanin' ya Art Blakey ya mwaka 1958, ambako piano inaita na tarumbeta na saksafoni zinaitikia waziwazi kama kanisani. Akikuvuta Evans, tafuta Sunday at the Village Vanguard, iliyorekodiwa ukumbini Juni 25, 1961: piano, besi na dramu tu, na glasi za wateja zinasikika zikigongana.

Au fanya nipendavyo mimi: mfuate mpiga besi. Aliyetembea kwenye So What ni Paul Chambers, na ile Aprili 22 alikuwa anatimiza miaka 24. Yumo kwenye Blue Train ya Coltrane ya 1957, ambapo wimbo wa kwanza ni bluzi ya vipimo kumi na viwili (kipimo kimoja hapa ni kidole kimoja), hesabu rahisi kuliko ile uliyokwisha kuizoea. Yumo kwenye Giant Steps ya Coltrane pia, lakini usianze na wimbo wenye jina la santuri, unakimbia mno; ruka hadi Naima, usikie besi ikikaa juu ya sauti moja huku kila kitu kinabadilika juu yake. Kwenye Blue Train utamkuta Lee Morgan akipiga tarumbeta, na huyo huyo ndiye wa Moanin'. Umeshaingia kwenye hadibopu bila kuambiwa.

Angalia mambo mawili kwenye programu ya muziki. Mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo jipya, si wa kurekodi, kwa hiyo usishangae kuona 1997 kwenye santuri ya 1959. Pia matoleo mapya huongeza majaribio ya ziada ya wimbo ule ule mwishoni. Komea pale santuri ya awali ilipoishia, mengine ni ya watafiti.

Ya kale yaache yaje baadaye. West End Blues ya Louis Armstrong ya 1928 ina mikwaruzo na ni fupi, kwa kuwa sahani za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande. Ko-Ko ya Charlie Parker ya 1945 inakwenda karibu mapigo 300 kwa dakika, vidole havitatosha.

Majina ya Kiswahili nayo yasikudanganye. Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na santuri yake ya jina hilo ya 1971 inafungua kwa mapigo 15 katika kila kipimo. Iweke akiba. Ya kuanza nayo ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960: kabla bendi kubwa haijachanganya, Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes, na chini yake ngoma zimekwisha kuanza.