Traiki ya kiti kimoja: mengi yanayosemwa, na yaliyo kweli

Mtu akiiona traiki ndogo ya kuelea kwa mara ya kwanza, huitazama injini. Ana haki, maana ndiyo yenye kelele. Ila karibu kila dhana potofu kuhusu chombo hiki huanzia hapo. Kilicho muhimu ni lile bawa la kitambaa lililo juu. Chini yake kinaning'inia kiti kimoja kwenye fremu ya mabomba ya alumini, magurudumu matatu, na injini nyuma ya mgongo wa rubani. Kazi ya injini ni kumfikisha juu, basi.

“Injini ikizimika, unaanguka.”

Anayerusha traiki ya kuelea huizima injini kwa makusudi. Huiacha ingurume taratibu kidogo ipoe, anaizima, propela inasimama, na kinachobaki masikioni ni mluzi wa upepo kwenye nyaya za bawa. Kuanzia hapo chombo kinashuka kama mita 1.3 kwa sekunde huku kikisonga mbele. Bawa la kawaida lililobeba mzigo huo huenda takriban mita 8 mbele kwa kila mita 1 linayoshuka, na mabawa bora hupita hapo. Ukiwa mita 300 juu ya ardhi na hewa imetulia, una kilomita 2 na ushee za kutafutia mahali pa kutua. Upepo wa mbele huula umbali huo vibaya, kwa hiyo uwanja wa kutua huchaguliwa kabla ya kuzima. Wanaoumia hapa mara nyingi si kwa sababu injini ilizimika, ni kwa sababu waliizima wakiwa chini mno juu ya miti, wakiamini itawaka tena. Hizi injini ndogo za petroli iliyochanganywa na oili zina tabia ya kugoma siku unapozihitaji.

“Bila injini huwezi kupanda.”

Jua halipashi ardhi joto sawasawa. Shamba lililolimwa au mwamba mkavu hupata moto upesi kuliko ziwa au msitu wenye unyevu, na hewa iliyo juu yake hujitenga ikapanda. Hewa hiyo ikipanda mita 3 kwa sekunde, traiki inayoshuka mita 1.3 itakuwa inapanda mita 1.7 kila sekunde bila tone la petroli, mradi rubani azunguke ndani yake.

Kuipata ndiyo kazi yenyewe. Rubani hutafuta mawingu meupe yenye tako bapa, hutazama mwewe wanaozunguka bila kupiga mabawa, na husikiliza variomita, kifaa kinacholia haraka zaidi kadiri chombo kinavyopanda kwa kasi. Mara nyingi bawa ndilo linalotangulia kusema: upande mmoja unainuliwa ghafla. Ukiliacha, litageukia upande wa pili na kukutoa nje ya hewa uliyokuwa ukiitafuta. Inabidi ulisukume bomba la usukani, lile lililofungwa kwenye bawa na kushikwa mikononi, kuelekea upande ulioshuka, ili uzito wako uhamie upande ule ulioinuka, bawa lilale huko na uanze kuzunguka.

“Rubani wa ndege ataimudu tu.”

Huyu ndiye wa kuangaliwa kwa makini kuliko mwanagenzi asiyejua lolote. Kwenye ndege, ukisukuma usukani mbele pua inashuka. Kwenye traiki, ukilisukuma bomba mbele pua inapanda na kasi inapungua. Ukilivuta, kasi inaongezeka. Mikono iliyozoea ndege ikishtuka karibu na ardhi, hufanya kinyume cha kinachotakiwa. Hufunzwa upya kama wengine.

“Injini kubwa ndiyo bora.”

Tufanye hesabu. Rubani, bawa, fremu na petroli pamoja ni kama kilo 170. Kuuzuia uzito huo usishuke mita 1.3 kwa sekunde kunahitaji wati 2,200 hivi, yaani nguvu za farasi 3. Propela ikipoteza hata nusu, ni farasi 6. Injini ya farasi 20 inatosha na kubaki. Kubwa zaidi ya hapo inaongeza kilo, na kila kilo unaibeba hata injini ikiwa imezimwa.

“Ni nyepesi na ya polepole, kwa hiyo haina hatari.”

Wepesi huo ndio unaoifanya itikiswe na hewa ambayo ndege nzito huipita bila kushtuka. Tena saa zenye hewa nzuri ya kupanda, mchana jua likiwa kali, ndizo zenye misukosuko mingi. Anayejifunza huruka asubuhi na jioni. Usukani wote unategemea uzito wa rubani kuning'inia chini ya bawa. Akipanda wima mno kisha kasi ikaisha, au akishuka ghafla hadi mwili ukakosa uzito, bomba la mkononi halina tena cha kuhamisha, na bawa linaweza kupinduka mbele mzimamzima. Likishapinduka hivyo, ni nadra kuokolewa na lolote isipokuwa parachuti ya dharura, nayo inahitaji kimo cha kufungukia.

“Haina leseni.”

Inategemea uko wapi. Marekani, chini ya kanuni ya Part 103 ya mwaka 1982, chombo cha mtu mmoja chenye uzito mtupu chini ya kilo 115, petroli isiyozidi lita 19 na kasi isiyozidi kilomita 102 hivi kwa saa, hurushwa bila leseni. Lakini hakiruki usiku, wala juu ya makazi yenye msongamano. Uingereza iliviondolea vyombo vyepesi vya kiti kimoja ukaguzi wa kama vinafaa kuruka, ilhali rubani bado anadaiwa leseni. Anayevuka mpaka na traiki yake aulize kwanza.