Gesi ya Friza Haiishi Kama Mafuta ya Taa

Simu huanza kuingia kwa wingi mwezi wa Januari, jua la kaskazi likishika, na karibu zote zina maneno yale yale: "Fundi, njoo na mtungi, gesi imekwisha." Hapa Unguja, mwenye hoteli Nungwi, muuza nguru Malindi, mwenye bucha Mwanakwerekwe, kila mmoja na chumba chake cha kugandishia, na kila mmoja keshajiandikia dawa kabla ya kupimwa. Mimi huenda, lakini mtungi nauacha garini kwanza.

"Gesi imekwisha, ijaze tu." Dhana hii ndiyo inayokula pesa za watu kuliko zote. Gesi ya friza haiungui wala hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaikandamiza, mashine ya nje inaitoa joto mpaka inakuwa maji, kisha inapita kwenye valvu, presha inashuka, na inachemka ndani ya koili, yale mabomba yaliyokunjwakunjwa mle chumbani, huku ikivuta joto la chumba. Gesi ya aina ya R404A, ambayo bado imo kwenye vyumba vingi, ikiwa katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 46 chini ya sifuri. Mzunguko ukiwa mzima, gesi ile ile inafanya kazi miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu. Kuijaza bila kulitafuta tundu ni kununua baridi ya wiki chache, na fundi anayekubali kufanya hivyo kila baada ya miezi miwili amepata mteja wa kudumu.

Upungufu wa gesi una sura yake. Itazame koili ya ndani: utaona ukungu wa barafu umeshika upande inapoingilia gesi tu, kwengine pakavu. Kisha pitisha kidole kwenye maungio ya mabomba. Gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa, kwa hiyo ukikuta doa la mafuta limenata vumbi, hapo ndipo pa kupaka povu la sabuni. Tundu likizibwa, mfumo unajazwa naitrojeni kupimwa presha, unavutwa hewa kwa pampu, ndipo gesi inatiwa kwa kupimwa kwenye mizani. Na R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu; lazima itoke mtungini ikiwa maji, si mvuke, la sivyo unachotia ndani sicho kilichoandikwa mtungini.

"Barafu imejaa kwenye koili, basi baridi ni kali." Kinyume chake kabisa. Barafu nene ni blanketi. Feni zinasukuma hewa ipite kwenye mapezi ya koili, vile vibati vyembamba vilivyopangwa juu ya mabomba; mapezi yakishazibwa, hewa haipiti, na chumba kinapata joto huku koili yenyewe imeganda kama jiwe.

Niliitwa Wete, Pemba, kwa mfanyabiashara wa pweza. Chumba kilikuwa kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri badala ya 18, na alikuwa ameshatiliwa gesi mara mbili ndani ya masika moja. Nilipofungua mlango nikasikia feni zinavuma, lakini nilipoweka mkono mbele yake sikupata hata upepo wa kupepea karatasi. Nyuma yake pana ukuta mweupe. Kijana wa dukani yuko juu ya ngazi na kisu, anachonga.

"Mwanangu, teremsha hicho kisu."

"Fundi, hakitoboi, n'shazowea."

Alikuwa na bahati tu. Bomba la koili ni jembamba, na ncha moja ya kisu ingeifanya ile hadithi ya gesi kuwa ya kweli. Tukahamishia pweza kwenye majokofu ya jirani, tukazima feni, tukaiyeyusha barafu kwa mpira wa maji. Kisha nikazipima hita za koili kwa mita. Chumba kama hiki hujiyeyusha chenyewe, kwa kawaida mara tatu au nne kwa siku, dakika 20 hadi 30 kila mara, kwa hita zinazofungwa kwenye koili. Kati ya hita tatu, mbili zilikuwa zimekufa. Gesi aliyouziwa haikuwa na dhambi yoyote. Tukabadilisha hita, na raba ya mlango pia, kwa sababu nilipokibana kipande cha karatasi mlangoni kilichomoka bila kushikwa. Masika hewa ya Pemba imelowa maji. Upenyo wa raba ni kuyakaribisha yaingie yagande.

"Nikiteremsha themostati hadi mwisho itapoa upesi." Haipoi upesi. Themostati inaiambia kompresa wakati wa kusimama, haiiongezei nguvu.

"Taa zinawaka, kwa hiyo umeme mzima." Kompresa kubwa hula laini tatu za umeme. Laini moja ikikatika, taa za dukani huenda zikawaka kama kawaida kwa sababu ziko kwenye laini nyingine, huku kompresa inanguruma, inapata moto na kujizima. Pima zote tatu. Jenereta nazo zina mkasa wake. Tangu umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wengi waliona bora wawe na yao, na nyingine zimeungwa laini zikiwa zimepishana. Kompresa za aina ya skroli zikizungushwa kinyume hupiga kelele mbaya na hazisukumi gesi. Mteja anasema "inafanya kazi, naisikia", na kweli anaisikia.

Mashine ya nje nayo wengi huiona chuma kisicho na haja. Chumvi ya bahari inakula mapezi ya alumini, vumbi linaziba yaliyobaki, joto halitoki. Ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mashine ikiwa imezimwa, na usiweke mbili zikipuliziana joto usoni.

"Ni friza, basi samaki akishushwa aingie moja kwa moja." Vyumba vingi vilivyofungwa hapa ni vya kuhifadhia kilichokwishaganda. Kugandisha kilo moja ya maji kunataka uondoe nishati sawa na ya kuyapoza yale yale kutoka nyuzi 80 hadi sifuri, na samaki ni maji kwa sehemu kubwa. Tia nusu tani ya jodari wa vuguvugu, pakia hadi kuziba feni, halafu piga simu usiku kusema chumba kimeharibika: mashine ni nzima, imezidiwa tu. Jodari mwenyewe ndiye wa kuogopwa, maana akikaa na joto nyama yake hujenga histamini, sumu ya kumdhuru mlaji, na hiyo haitoki kwa kumgandisha tena wala kwa kumkaanga. Chumba kilicholegea usiku kucha kikirudi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri asubuhi, samaki atakuwa mgumu kama mwanzo na machoni mzima. Mimi humwuliza mwenye mali kipima joto kilisoma ngapi alfajiri, na kama hajui, simruhusu kuniwekea kipande cha kwenda nacho nyumbani.