Je, wajua masalia ya kutengeneza ethanoli (aina ya pombe) yanaweza kusafisha maji ya rangi?

Kabla ya kusukwa mkeka, miyaa huchemshwa kwenye sufuria la rangi ya unga ya dukani. Maji yanayobaki, mekundu au ya zambarau, humwagwa nyuma ya nyumba. Kwenye maweni yetu hilo si jambo dogo, maana mawe ya matumbawe yana matundu, na kinachomwagwa juu hakikawii kufika kwenye maji ya kisima. Rangi hizi zimetengenezwa zisipauke kwa jua, ndiyo maana haziozi upesi.

Kuna kuvu wanaoozesha magogo ambao wana dawa yake: kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho lakasi, chenye atomi 4 za shaba. Huzinyang'anya rangi nyingi elektroni na kuipa oksijeni iliyomo majini. Oksijeni hugeuka maji, rangi huvunjika. Kasoro ni kwamba kikitiwa majini hivi hivi huenda zake na maji, nacho ni ghali. Lazima kishikizwe mahali.

Hapo ndipo masalia yanapoingia. Brazili kuna viwanda vinavyotoa ethanoli kwenye makapi ya miwa: selulosi, yaani nyuzinyuzi za makapi, huvunjwa kuwa sukari, hamira huigeuza sukari kuwa pombe. Lignini, ile inayoyapa makapi ugumu, hamira haiiwezi, hivyo hubaki na mara nyingi huishia kwenye moto wa boila. Lakini ikiunguzwa bila hewa, kwa joto la nyuzi 500 hivi, huwa makaa yenye vitundu vidogo mno. Hayayeyuki majini, na kimeng'enya hung'ang'ania juu yake, kikatumika tena na tena. Kinachonichekesha ni kwamba huko msituni lakasi kazi yake ni kuivunja lignini hiyohiyo. Hapa imegeuzwa kiti chake.

Makapi ya miwa ya Mahonda, hapa Unguja, nayo yana lignini, na hata yasipopitia kwenye ethanoli hutoa makaa. Ila tusidanganyane: lakasi haiondoi chumvi kisimani wala haiui vijidudu vya kipindupindu. Na maji kuwa meupe si kuwa salama, kwani vipande vya rangi iliyovunjika lazima vipimwe. Tena maji ya miyaa yapoe kwanza. Yakimiminwa kwenye makaa hayo yakitokota, kimeng'enya huharibika, yakabaki makaa matupu, ambayo hunasa rangi kwa muda tu mpaka yajae.