Msingoje mpaka afungwe kamba

Tuktuk ikiingia getini Jumatatu asubuhi, vijana watatu wamemkalia mwenzao aliyefungwa mikono kwa kamba ya nailoni, kila mtu kwenye foleni anajua aliyeletwa ni mgonjwa wa akili. Wanaume wanasogea pembeni, kina mama wanavuta watoto. Lakini wagonjwa wangu wengi wa siku hiyo hawajafungwa. Wameketi kwenye benchi, wamevaa vizuri, wanangoja kupimwa presha. Mmoja kichwa kinamgonga tangu Ramadhani. Mwingine moyo unamwenda mbio kila usiku. Mama wa makamo kutoka Muyeye tumbo linamwaka, ameshapigwa picha na kupimwa vidonda, na majibu yote yanarudi safi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kama nina neno moja la kuwaambia watu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Marafa, ni kwamba tunachelewa. Matibabu yapo, na mengi si ya gharama kubwa. Tatizo ni miezi, pengine miaka, inayopita kabla mtu hajafika.

Tuanze na hawa wa kwenye benchi, maana ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 280 wanaugua sonona. Hapa kwetu utasikia tu, "ana mawazo". Dalili kuu ni mbili: huzuni isiyoondoka, na kukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Moja kati ya hizo ikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikaandamana na usingizi kuharibika, chakula kutoshuka, uchovu, akili kutotulia kwenye kazi, kujiona si kitu au kutamani kufa, huo si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, unatibika.

Mwanamume wa hapa hatakwambia ana huzuni. Atasema amechoka. Masika yakianza Aprili na watalii wakaondoka, baadhi ya hoteli hufunga na wafanyakazi wakaambiwa wataitwa msimu ukirudi. Mpishi aliyekuwa akilipia watoto wawili karo anajikuta barazani tangu asubuhi. Mwezi wa kwanza anacheza bao. Wa pili hachezi tena, anatazama tu. Wa tatu anagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, anatafuna muguka, majani ya kuchangamsha kama miraa, ili asilale, halafu anatafuta kitu cha kumlaza. (Kaunti za Pwani, Kilifi ikiwemo, zilijaribu kuupiga marufuku muguka Mei 2024 na suala likaishia mahakamani. Mimi niliyeko kliniki ninaona upande mmoja tu wa mjadala huo: vijana waliokesha siku tatu na sasa wanasikia sauti.) Huyu mpishi hakuna atakayempeleka kwa daktari. Mkewe anaamini amebadilika tabia, rafiki zake wanaamini ni ufukara, na ufukara kweli upo. Lakini umaskini na sonona vinaweza kukaa nyumba moja, na mtu aliyetibiwa sonona angalau hupata nguvu ya kutoka kutafuta kazi.

Mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, ndiye mwingine tunayempoteza machoni. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupatwa na matatizo ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Arobaini ina heri yake: mwanamke anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, amezungukwa na wakubwa. Basi wakubwa hao ndio wenye nafasi ya kuona. Kulia kulia siku za mwanzo ni kawaida na huisha. Akifika wiki ya pili bado analia, hataki kumpakata mtoto, au halali hata mtoto akilala, mleteni. Na akianza kusema mtoto si wake, au kwamba kuna anayemwamuru amdhuru, hiyo si ya kungoja arobaini iishe. Ni ya usiku huo huo.

Wasiwasi nitaupitia haraka. Moyo kudunda ghafla, kifua kubana, vidole kufa ganzi, mtu akaamini anakufa: tukio hilo hupanda ndani ya dakika 10 hivi na kushuka lenyewe. Mara ya kwanza njooni mpimwe moyo, ni haki yenu. Mkishaambiwa moyo ni mzima, vipimo vingine vitano havitasaidia. Kinachosaidia ni mafunzo ya kupumua polepole, mazungumzo na mshauri, na wakati mwingine dawa.

Dawa za sonona zina mambo mawili ambayo watu hawaambiwi vya kutosha kwenye dirisha la famasia. La kwanza, hazifanyi kazi siku ileile. Nafuu kamili huchukua wiki 4 hadi 6, na wiki ya kwanza mtu anaweza kuona kichefuchefu tu, akasema amepewa dawa mbaya. La pili, mtu akipata nafuu huendelea nazo miezi 9 hadi 12, ndipo daktari azipunguze kidogo kidogo. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yanaweza kutosha bila tembe hata moja.

Sasa nirudi kwa aliyefungwa kamba, kwa sababu hapa ndipo kuchelewa kunapouma zaidi. Kisa hiki nimekichanganya kutoka familia nyingi. Kijana ana miaka 21. Ameacha kuoga. Ameziba dirisha la chumba kwa magazeti. Usiku anazungumza na asiyeonekana, mchana anamtuhumu shangazi yake kwamba anamtilia kitu kwenye chakula. Mama anakwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana anasomewa, anapewa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, anywe. Familia nyingine ingekwenda kwa mganga, kukachinjwa mbuzi. Kunapita miezi. Kunauzwa kitanda, halafu baiskeli. Siku anampiga jirani kwa mchi ndipo kamba inatafutwa na hospitali inakumbukwa.

Mama siwezi kumlaumu. Mwalimu yuko mtaani, anaijua familia, hana foleni, na anasikiliza, jambo ambalo sisi wa hospitali mara nyingi hatulifanyi. Ninachoomba ni hiki: msomeeni, na mleteni. Kombe na tembe havigombani. Mwalimu mwenye hekima akimwambia mzazi, "Mpeleke hospitali, nami nitaendelea kumwombea", ameokoa miaka ya kijana yule kuliko mabango yetu yote. Ila minyororo, kumnyima chakula, kumfukizia moshi mpaka azimie, hayo si dua. Hayo ni majeraha ambayo tutalazimika kuyatibu pia.

Ugonjwa kama huo wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo mara nyingi ni skizofrenia. Humpata takribani mtu 1 kati ya 300, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Kadiri inavyokaa bila tiba ndivyo inavyokuwa ngumu kutibika. Lakini si kila anayeropoka ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kaswende ya zamani, Ukimwi, hata mkojo wenye maambukizi kwa mzee, vyote vinaweza kumfanya mtu aone visivyokuwepo. Ndiyo maana tunatoa damu kwanza. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, mwili ukiwa wa moto, ni dharura ya hospitali hata kama kila mtu mtaani ameshaamua ni jini.

Kuna jambo moja linaloharibu kazi yetu zaidi ya yote, nalo halizungumzwi. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuanza dawa za skizofrenia, wengine shingo hukakamaa, macho yanapinduka juu, ulimi unakuwa mzito, mate yanatoka. Ukiiona hali hiyo nyumbani saa sita ya usiku, ni rahisi sana kuamini kwamba pepo amekasirika. Tembe zinatupwa chooni na hospitali haionekani tena. Hiyo ni athari ya dawa inayojulikana. Ina dawa yake, na ikitolewa kwa sindano shingo huanza kulegea baada ya nusu saa hivi. Rudini usiku huo huo. Kama dawa haimfai, tutapunguza kipimo au tutaibadilisha. Asiyependa kumeza kila siku anaweza kupewa sindano ya mara moja kwa mwezi.

Wengine huacha dawa kwa sababu wamepona. Anafanya kazi, analala, anaswali, basi tembe za nini? Miezi mitatu baadaye magazeti yamerudi dirishani. Dawa zikiwa zinamchosha au zinamnenepesha, tuambieni tuzungumze, msizikate wenyewe.

Kifafa si ugonjwa wa akili, lakini wenye kifafa huishia kwenye milango yetu, na hata jirani zao huwaita wenye pepo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi, walioanza kazi mwaka 1989, wamekichunguza kwa miaka mingi katika kaunti hii hii. Shida wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa na vimelea ni baadhi ya mambo yanayohusishwa nacho. Hadi watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitumia dawa inavyopasa. Mtu akianguka, mgeuzeni ubavu, ondoeni jiko na mawe karibu naye, msimtie kijiko mdomoni wala msimnusishe kiatu.

Kuhusu unga, yaani heroini, Malindi haina haja ya kuhadithiwa. Mradi wa Omari umekuwa ukiwasaidia watumiaji tangu miaka ya 1990, na tangu 2015 hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ambapo mtu huja kila siku kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, bila alosto, yale maumivu ya kukosa unga, na bila kuiba simu ya mama yake. Wapo wanaosema hii ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Waende wakaone baba aliyerudi kulea wanawe, halafu tuzungumze.

Lililo zito zaidi kwangu ni la wazee. Katika kaunti yetu wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, huko Ganze. Sababu ni nyingi, mashamba ni mojawapo. Lakini mzee anayepatikana saa nane za usiku nje ya nyumba ya jirani, nguo amevaa kinyume, hajui alikotoka, anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa, huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa kusahau unaotokana na ubongo kuharibika. Hakuja kuroga. Amepotea njia. Hatuna dawa ya kuuponya ugonjwa huo, lakini kuna mengi ya kupunguza shida: komeo juu ya mlango, taa usiku, kupimwa macho na masikio, na majirani kuambiwa mapema. Ninawasihi watoto wa wazee hao, msione haya kusema mtaani, "Baba anaumwa ubongo." Neno hilo linaweza kuwa ngao yake.

Wengine wanabeba mambo yaliyotokea hapa hapa. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu lililowafungisha mpaka kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Walionusurika, ndugu waliongoja majibu ya vipimo, na hata waliochimba, wanaweza mpaka leo kuota ndoto zilezile, kukwepa barabara fulani, kushtuka mlango ukigongwa. Kama ni wewe, hujachelewa. Kiwewe kinatibika hata baada ya miaka.

Nizungumze wazi kuhusu kujiua. Kumuuliza mtu, "Umefika mahali pa kufikiria kujitoa uhai?" hakumpandishii wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni kamba, dawa ya panya na dawa ya kunyunyizia mahindi, na mleteni. Watu waliogopa kwa miaka kwamba polisi wataitwa, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyejaribu ni mgonjwa, atibiwe. Nayo sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kutibiwa kwa heshima na bila kubaguliwa.

Pa kuanzia ni karibu na nyumbani: mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenu, au zahanati. Wao watawaelekeza hospitali ya Malindi, na panapohitajika kulazwa kwa muda, kitengo cha Port Reitz, Mombasa. Kwa simu bila malipo, Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199, NACADA kwa 1192 kwa mambo ya dawa za kulevya na pombe, na watoto kwa 116. Befrienders Kenya, wanaosikiliza wenye mawazo ya kujiua, ni 0722 178 177.

Mkija kliniki, aje pia mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, si yule binamu mwenye gari tu. Leteni bahasha zote za dawa za zamani, hata tupu, na kitambulisho pamoja na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, kama upo. Kama ametumia miti shamba, semeni ni ipi na lini, hakuna atakayewagombeza. Tunahitaji kujua kabla hatujaandika dawa. Na kama mgonjwa amekataa kabisa kuja, njooni ninyi bila yeye, tukae tupange.